Nafasi ya Vidole Vinane

Nimezoea vyoo, masinki, simtanki za juu ya paa.
Leo nimeitwa Rau kufunga pampu ya samaki.

Mama Aikaeli anafungua kabati chini ya kioo.
Tangi la juu: futi sita, perege kumi na mmoja
wa Nyumba ya Mungu, waliokuja kwa ndoo ya rangi.
Tangi la chini: kiza, sponji, konokono,
na pampu ya zamani iliyozamishwa humo,
inayopasha maji moto na kuunguruma hadi alfajiri.
"Tangu Ndelilio azikwe," anasema,
"humu hakuna wa kukoroma. Hii imejipa cheo."

Pampu mpya inakaa nje ya maji.
Haijui kunyonya, namwambia Kenani, kijana wangu wa kazi.
Ukiiweka juu itameza hewa mpaka koo liungue.
Iweke chini ya usawa, maji yaje yenyewe mlangoni,
yenyewe isukume tu.
"Kama mjomba," anasema Kenani. "Sokoni haendi,
ila akitengewa..."
Shika hakso, namwambia.

Tunatoboa kioo. Hapa hakuna utani.
Tangi la chini tumelikausha, tumelilaza kwenye godoro.
Kenani anadondosha maji kwa kikombe cha chai,
mimi nazungusha keekee polepole, pumzi nimeishika.
Unga mweupe unachuruzika kama uji wa mgonjwa.
Mama kaenda jikoni, hataki kuona.
Kisha duara linaanguka, ting',
sarafu isiyonunua kitu.

Mpira ukae upande wa maji, si upande wa nati.
Koki. Yuniani. Pampu. Yuniani tena, koki tena,
ili atakayekuja kuisafisha asitulaani.
Bomba la kuingizia liwe nene,
mwenye kiu haumpi kijiko.
Tepu mizunguko minane (saba ni ya waganga).
Gundi, zungusha robo, shika, hesabu thelathini.
Nati kaza kwa mkono. Plastiki haisamehe spana.

Kule Kibosho, baba alinisimulia,
maji ya mfongo yalikwenda kwa zamu,
na aliyefungua kabla ya zamu yake alitozwa mbege.
Pampu hawakuwa nayo. Walikuwa na mteremko.
Nayawaza hayo nikiwa kifudifudi kabatini, tochi mdomoni,
maana nusu ya kazi hii bado ni mteremko:
kupanda kuna bili, kushuka ni bure.

Saa kumi na mbili na nusu tunawasha.
Mlio mdogo, nyuki ndani ya kibuyu kilichozibwa.
Maji yanapanda. Perege wanageukia mkondo, wote kwa pamoja,
kama walioitwa majina.

Ndipo umeme unakatika.

Si mimi, nasema haraka. Ni mtaa mzima:
redio ya jirani imezimika katikati ya matangazo ya vifo.
Na maji ya juu yanageuka, yanarudi
kwa bomba lile lile. Kenani anakimbilia matambara.
Namshika mkono. Subiri.
Tundu dogo nililotoboa karibu na mdomo wa bomba
linavuta hewa, linakohoa mara moja, linakata mvuto.
Tangi la chini lilipanda, likapanda,
likasimama vidole viwili chini ya ukingo.

"Ulijuaje yatatosha?"
Niliacha vidole vinane, nikamjibu. Vya kurudia.

Mama Aikaeli akachutama, akakunja zulia
kwa mwanga wa simu yake.
Ubao wa sakafu umeoza, doa jeusi la ukubwa wa sinia.
"Ndelilio alikuwa akijaza hadi juu," alisema.
"Kila umeme ukikatika, asubuhi palikuwa pamelowa.
Miaka sita nikimpiga paka."

Tukanywa chai gizani.
Paka yuko mlangoni, hajaamua kuingia.