Sikusikii

Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri;
mkobani mwangu nyuzi nne, nazo zimepoa vilevile.
Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
meli za madini zimelala gatini
na chuma chote cha mji huu kimenyamaza.

Nimempelekea Wendell Kangas gitaa langu la besi.
Duka lake liko nyuma ya kinyozi,
lanuka lehemu na kahawa iliyoungua.
"Nataka vinasa vipya," nikamwambia,
"vyenye sumaku kali. Orrin hanisikii."

Orrin ni mpiga ngoma. Aliwahi pia kuwa mume wangu.
Ndoa ilikwisha, bendi haikwisha:
kila Ijumaa, chini ya ukumbi wa wapakiaji,
anainua kichwa juu ya matoazi na kupaza,
Ardis, sikusikii!
Neno lilelile la jikoni, ila sasa lina mdundo.

Wendell akapanga visanduku kauntani kama muuza pete.
Hiki, koili moja: sauti ya wazi,
lakini hunguruma karibu na taa za mirija.
Debe tupu, nikasema.
Hapana, akasema, debe lina kitu, lina na tabia.
Na hiki, koili mbili ubavu kwa ubavu,
moja imezungushwa kinyume cha mwenziwe:
uvumi wa huku unafutwa na uvumi wa kule,
kinachobaki ni muziki.

Nikacheka peke yangu. Hakuuliza.
Sisi tulizungushwa upande mmoja, mimi na Orrin.
Tulivuma miaka kumi na minne.

Kisha nyuzi. Za chuma cha pua,
zinang'aa kama uma mpya na hula vidole;
za nikeli, zenye upole kidogo;
na zile bapa, zilizosuguliwa zikawa laini kama ukanda wa saa,
ambazo hazilii, hutamka:
du, halafu nafasi, halafu du.
Nilizipapasa zote
kama mtu achaguaye kitambaa huku anajua hana harusi.

Dola mia tatu na arobaini, bila ufundi.

Wendell akashika bisibisi, lakini hakufungua kitu.
Alifumba jicho moja, akachomeka sarafu
kati ya uzi na kinasa,
akaongeza ya pili, ya tatu, ya nne,
na bado ya tano ingepita ikitembea.
"Nani alivishusha hivi?"

Nilitaka kusema Orrin.
Mdomo ulishaviringa ile O.
Ila nikaiona bisibisi nyingine, ya mpini wa njano,
mkononi mwangu mwenyewe, usiku, Novemba,
mwaka ambao Signe alikuwa na meno mawili
na ukuta kati ya kitanda chake na spika yangu
ulikuwa ubao tu na karatasi ya maua.
Nusu mzunguko usiku huu. Nusu tena kesho.
Ningeweza kupunguza kwa kitufe, najua.
Kitufe hurudishwa kwa hasira; skrubu yataka kuinama.
Basi niliinama, nikaisogeza sumaku mbali na chuma
mpaka nikawa napiga na hakuna aliyeamka.

Signe ana miaka ishirini na mitatu, yuko Milwaukee,
kazi ya usiku, analala mchana.
Hakuna aliyenikumbusha kupandisha.

Mizunguko minne kila skrubu.
Wendell akachomeka waya, akanirudishia.
Nikaugusa uzi mnene, mmoja tu:
kijiko kikatetemeka kikombeni,
na kinyozi, ng'ambo ya ukuta, akazima mashine.

Nimelipia nyuzi bapa peke yake, dola arobaini na mbili.
La kumwambia Orrin sijaliamua.
Labda Ijumaa nitapiga noti moja ya chini,
nikimkazia macho,
nione kama atapaza, Punguza.