Vizibao Kumi na Viwili

Walitugawia vizibao rangi ya chungwa, kumi na viwili,
vimeandikwa mgongoni MTU WA KUJITOLEA.
Changu kilinipwaya hata kikafika magotini.
Kwenye basi kutoka Maskati tuliimba, Barka tukasinzia,
Suwaiq tulipoingia hakuna aliyesema neno.

Barabara ilikuwa imekunjwa kama mkeka.
Mitende imelala, vichwa vyote upande mmoja,
na juu ya paa la msikiti mdogo, mbuzi,
hai, ametukazia macho kana kwamba tumechelewa.
Tulikuwa tumechelewa. Siku ya tisa tangu wadi ishuke.

Mimi nilipangiwa nyumba ya Bi Shinuna.
Karatasi ilisema: vyumba vinne, kisima kimoja, wakazi watano.
Tope limekauka juu, bichi chini,
kama uji uliogandia sufuriani,
na harufu yake sitaisema.
Nilishika koleo kama nilivyoona kwenye picha.
Bi Shinuna, kitini juani, bakora mapajani:
"Binti, tope unalikwangua au unalibembeleza?"

Aliyenifundisha hakuwamo kwenye karatasi.
Alitokea nyuma ya bustani ya ndimu,
msuli umekazwa juu ya magoti,
akanipokonya koleo hata bila ya salamu:
goti hapa, uzito hapa, pumua, tupa.
Rofikul. Kwao Noakhali,
na huko pia, alisema, maji hupanda kitandani;
alisema kwa Kiarabu cha vipande vipande,
vigae vya mtungi ambavyo, ukivipanga,
bado vinashika maji.

Miaka kumi na mmoja ameinywesha ndimu ya watu wale.
Usiku ule kibanda chake kilikwenda,
na godoro, na simu yenye harusi ya dada yake.
Pasipoti tu ilinusurika,
maana hakuwa nayo yeye.
Akambeba Bi Shinuna mgongoni hadi darini.
Hilo sikuambiwa na Rofikul.
Niliambiwa na Bi Shinuna, kwa sauti ya anayedai deni,
ingawa mdaiwa ni yeye:
"Kilo themanini na tatu mimi,
na sanduku langu la dhahabu juu!"

Siku nne. Tulitoa friji, tukatoa mlango usio wa nyumba ile,
tukatoa viatu vya watoto wa watu wengine.
Nilipotumbuka malengelenge alinikamulia ndimu kiganjani,
nikapiga yowe hata yule mbuzi akageuka.
Nilifungua kopo la vitumbua vya bibi yangu.
Alikula viwili. Cha tatu alikifunga kwenye leso,
sikujua anamwekea nani.

Siku ya tano alifika bwana mwenye kilemba kipya,
kanzu ameinyanyua kwa vidole viwili.
"Wenye vizibao, mbele ya ukuta!"
Ukuta ule, upande wa kushoto wote, aliuosha Rofikul.
Mpiga picha gari lake limekwama Khabura,
basi bwana akatoa simu yake,
akamnyooshea aliyekuwa karibu:
"Wewe, rafiki, bonyeza hapa."

Ningeweza kusema neno.
Kiarabu ninacho, Kiswahili ninacho,
hata kidogo cha kuombea radhi kilikuwapo ulimini.
Nikatabasamu. Meno yote yameonekana.

Picha ilitoka nzuri. Rangi ya chungwa inawaka,
Bi Shinuna katikati kama bibi harusi aliyekasirika.
Jua lilikuwa mgongoni kwa mpigaji,
likatambaza kivuli chake juu ya tope
mpaka kwenye ncha za viatu vyetu,
viwiko vimeinuka pande mbili
kama mtu aliyejitwika kitu kizito.

Nilimtumia bibi yangu jioni ile.
Najua alivyoitazama: ameivuta, ameikuza,
miwani juu ya paji, simu puani.
Kizibao hakukiuliza.
Alinirudishia sauti, sekunde saba,
na nyuma yake birika linachemka:
"Mashallah, mwanangu, mmependeza.
Na huyu alolala miguuni penu, nani?"