Tundu la Sakafuni

Bwana Kessy anataka karatasi.
Anataka niandike, kwa kalamu na muhuri wa gereji,
kwamba mkono huu wa gia ulizaliwa na gari hili,
Impala ya sitini na tano, usukani kushoto,
iliyolala miaka kumi na minane Upanga
chini ya turubai la marehemu Daktari Dastur.
"Ikiwa manyo ya kiwandani," anasema, "bei mara mbili."
Amevaa viatu vyeupe. Gerezani, na mvua ya jana.

Naomba tochi. Navua kandambili. Naingia.

Mkono wa gia hauulizwi jina, ndivyo nilivyofundishwa.
Kifundo hubadilishwa kama kofia.
Anza na tundu.
Funua kapeti, meza vumbi ikibidi,
pitisha kidole ukingoni:
tundu la kiwanda lina mdomo uliokunjwa,
laini kama ukingo wa sahani ya bati,
limepigwa mara moja na chuma kikubwa kisichomjua mtu.
Tundu la gesi lina meno.
Hili lina meno.
Kuna aliyeyapitishia tupa, kwa subira, pengine usiku,
lakini meno ni meno.

Kisha shingo ya usukani: pana kovu,
nusu ya ukucha, limezibwa kwa risasi, likapakwa rangi.
Hapo ndipo ulipokaa wenzo wa otomatiki.
Kisha breki. Pedeli ilikuwa pana, ya mguu mvivu
usio na klachi wa kugombania naye nafasi;
imekatwa kwa msumeno upande wa kushoto,
mpira wake umeshonwa upya kwa uzi wa viatu.

Ningeweza kuishia hapo.
Mashahidi watatu wanamtosha hata kadhi.

Lakini tochi ikateleza hadi shinani,
pale fimbo inapoingia kwenye giaboksi ya Bedford
(ndiyo, Bedford, ya kubebea mkonge)
nikaona vidoti vitatu vya senta pachi,
viwili pamoja, kimoja pembeni,
kama mafiga yaliyokosana.

Kwetu Buguruni vidoti hivyo vipo
kwenye bawaba ya mlango, kwenye ulimi wa mbuzi ya nazi,
kwenye kitanda nilichozaliwa juu yake.
Athumani Pazi hakujua kuandika jina lake.

Sabini na tisa. Vita imekwisha, duka halina sabuni,
spea za Marekani ni hadithi za abunuwasi.
Otomatiki ikafia njiani, daktari akaja kwa miguu,
koti jeupe mkononi.
Baba akafua fimbo hii kutoka ekseli ya trekta,
akaikunja mara mbili
ili isiguse goti la mke wa mtu.

Hadithi niliijua. Gari sikuwahi kuliona.
"Ya kwanza na ya pili zinaingia kwa salamu," alikuwa akisema.
"Ya tatu mkaidi. Ivute kwanza kwako, kidogo,
kinyume na akili, kama unayemnong'oneza mtu,
ndipo uisukume."
Mimi ni mtoto wa tatu. Jina langu Tatu.
Mzaha huo aliurudia mpaka mama akaacha kucheka.

"Vipi?" Bwana Kessy anainama dirishani. "Orijino?"

Nakanyaga klachi. Ya kwanza. Ya pili.
Navuta kidogo, kuelekea mbavuni.
Imeingia.

Naandika: Si ya kiwandani. Nagonga muhuri.
Anasoma, anaguna, midomo inahesabu pesa zinazoyeyuka.
Kisha, sauti chini: siwezi kuyasawazisha yale meno,
nikafuta na vile vialama huko shinani?
Nani atajua?

Navaa kandambili zangu.
"Grenda imeungua," namwambia,
na nyuma ya ukuta kijana wangu
anakata bomba, grenda inalia,
cheche zinaruka hadi kwenye viatu vyake vyeupe.