Umekwisha Kubaliwa

Nimebeba barua miaka kumi na tisa
katika mitaa ya Toledo, ng'ambo ya mto,
ambako viwanda vya vioo vilizima matanuri,
moja baada ya jingine.
Bahasha naijua kwa kidole gumba:
ya hospitali ni nyembamba, ina dirisha,
ya nyanya aliyehamia Florida inanukia sabuni,
na hizi, nene kidogo, zina kitu kigumu tumboni
kama kijiwe ndani ya wali.

Hongera! Umekwisha kubaliwa.

Nani aliomba?

Nambari 412, kwa Bi Ilonka Takács,
mumewe Béla alikubaliwa mara tatu mwezi wa Februari.
Béla tulimzika Novemba.
Nilisimama nyuma kabisa, na buti zangu za kazi.
Kikomo, dola mia tatu.
Ada ya mwaka, tisini na tano.
Riba, kwa maandishi madogo kama sisimizi
waliojipanga kuelekea sukari,
asilimia ishirini na tisa nukta tisa.
Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga;
hapa matanga yametangulia
na bado marehemu analetewa kadi ya mwaliko.

Bi Ilonka hazichani.
Huzipanga juu ya jokofu, kwa tarehe.
Siku moja nikamuuliza, mbona?
Akasema, "Odell, wewe unamjua mwingine
anayemwandikia?"

Nambari 420 barua ilimjia Pickles.
Pickles ni mbwa. Jicho analo moja, deni hana.
Mzee Kowalczyk akaisoma yote barazani
kwa sauti ya padri wa Pasaka:
"Mpendwa Pickles, sifa zako njema zimetufikia..."
Mbwa akapiga chafya.
Tulicheka hadi nikachelewa mtaa mzima.

Mtoto wa akina Quiñones yeye hukusanya
zile kadi za bandia, za plastiki laini,
JINA LAKO HAPA.
Hufungua duka kando ya ngazi, anauza theluji.
Nimenunua kopo mbili kwa mkopo.
Riba, aliniambia, ni pipi.

Basi Alhamisi iliyopita
mtambo wa kupasha nyumba yangu joto ulikata roho,
nikaenda chama chetu cha akiba, kofia mkononi.
Karani ni Vernetta. Tulisoma darasa moja,
mama yake alinifundisha kuogelea.
Aliitazama skrini muda mrefu
kuliko skrini inavyohitaji kutazamwa.
"Si mwaka huu, Odell," akasema,
nami nikamshukuru, sijui kwa lipi.

Nyumbani, kisanduku changu mwenyewe
(mwenzangu wa njia ile ndiye aliyeleta, simlaumu,
na yeye ana watoto):
Mpendwa Bibi Odella Prewitt, hongera.

Anayenijua amenikataa.
Asiyenijua amenikumbatia,
na jina kanikosea, na jinsia.

Niliketi jikoni na koti mwilini.
Sitasema sikuisoma.
Niliisoma mbele na nyuma, hadi kwa sisimizi,
nikapiga hesabu ya mtambo kwa miaka sita
mgongoni mwa bahasha ileile,
nikaona mtambo mmoja umezaa wa pili,
na wa pili ana mimba.
Kalamu ilikuwa hapo. Nimesema hivyo tu,
ilikuwa hapo.

Asubuhi kioo cha gari kilikuwa kimeganda,
na kikwangulio nilikivunja tangu Krismasi.
Nikaitoa ile kadi.
Haki yake nimpe: ilikwangua vizuri,
ikafika hadi kona za chini
ambako barafu hung'ang'ania kama mkwe,
kisha ikakatika katikati,
pale pale kwenye Odella.

Nikaenda kazini.
Mfuko ulikuwa mzito.
Béla alikuwa na mbili.