Jino la Sita

Lilifika puani kabla ya kufika machoni:
harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati.
Kisha likaonekana, lori la jeshi la zamani,
latoka Sikonge na mapipa kumi na moja ya asali,
ukijani wake umechujuka hadi kufanana
na jani la tumbaku siku ya tatu bandani.

Lukelesha akashuka, akaupiga teke ukingo wa tairi.
"Mkono unarudi," akasema, "gari halirudi.
Mimi naiachia handibreki, yenyewe hainiachii."
Alilinunua mnadani, mwaka ule nyuki walipolala njaa,
ila alilijua kabla ya mnada:
alikuwa dereva wake, na kofia, na amri.

Nikatandika gunia, nikaingia uvunguni.
Isevya, Oktoba; udongo umeiva kama kikaango.
Kwanza magogo, mawili mbele, mawili nyuma,
maana breki iliyoganda ni mlinzi aliyesinzia mlangoni:
ukimwamsha vibaya, anaondoka na mlango.

Nyuma ya giaboksi, ngoma ya breki imekaa juu ya shafti.
Nikaigusa kwa kidole chenye mate. Tsss.
Tukanywa chai.
Nikaigusa tena.

Bolti ya kwanza ilikubali. Ya pili ilitaka kubembelezwa.
Ya tatu niliitukania mama yake,
halafu nikaona haya, kwa kuwa Nyamizi alikuwa anasikia,
na Nyamizi ana miaka kumi na tisa na daftari
anamoandika kila kinachonitoka.

Pini ndiyo iliyokuwa na kesi.
Mkono wangu haukupenya kati ya chesisi na bomba.
Wake ulipenya. Alifumba macho apate kuona,
akatoa kidole cheusi, akakinusa,
akakilamba.
"Mama Mwashi," akasema, "hii ni asali."

Asali! Miaka ya matone kupitia mbao za sakafu,
vumbi la Ipole, kutu, grisi ya enzi za magwanda,
vyote vikapikwa na joto la shafti
vikawa gundi ambayo hakuna duka la vipuri linaloiuza.

Tuliilaza na mafuta ya taa usiku kucha.
Asubuhi haikutikisika hata kwa heshima.
Nyamizi akaleta birika la maji ya moto.
"Asali haijui mafuta ya taa," akasema, "inajua chai."
Akamimina. Nyuki watatu wakaja kukagua.
Nyundo ya mti: ko, ko, ko,
pini ikatoka kama jino la mtoto,
na tone moja la kahawia likanidondokea shingoni.

Msasa. Grisi kidogo, si uji.
Springi ya kurudishia ilikuwa imekatika zamani;
tukaweka ya stendi ya pikipiki,
nayo ikashika kazi bila kuuliza cheo.

Tulipoondoa magogo, lori likasogea lenyewe,
nusu shubiri,
kama mgonjwa anayegeuka ubavu.

Nikamwambia Lukelesha: "Meno matano yanatosha.
La sita unaunyonga waya. La saba unaniita."
Akatazama viganja vyake.
"Kuna mlima," akasema, "nilivuta manne."
Tukangoja.
Hakuongeza neno, na Nyamizi hakuandika.

Jioni akaegesha ng'ambo ya barabara, kwenye mizani,
mapipa yapimwe. Dirisha lilikuwa wazi.
Ka. Ka. Ka. Ka.
Ka.
Nyamizi alikuwa ameshika penseli hewani.
Pakapita pumzi, na baiskeli moja yenye mkaa.

Ka.

"La sita," akanong'ona. "Niandike?"
Nikamwambia akaoshe birika.