Kuhesabu Vichwa, Passau

Thelathini na mmoja, nimewahesabu stesheni.
Thelathini na mmoja tena mbele ya kanisa kuu,
Xaver bado anatafuna mkate wake wa soseji
na Leopoldine amevaa viatu vile vile nilivyomkataza.

Mwongoza wageni ana mwavuli wa njano, mvua hakuna.
Anatutajia maaskofu, moto uliouteketeza mji,
mafundi wa Italia waliokuja na chokaa na malaika wanene.
Wanafunzi wangu wanawatazama malaika
kama mtu atazamavyo keki ya harusi
ambayo hakualikwa.
Saa sita, kinanda kinanguruma.
Benchi linatetemeka chini yetu,
na Yusra, ambaye tangu Jumatatu hajanena neno,
anafumba macho. Sijui amekwenda wapi.
Simuulizi.

Kisha ncha ya mji, inapokutana mito mitatu:
Ilz mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni,
Inn wa kijani kilichochujuka,
na Danubi katikati, ukijifanya haujapokea mtu.
"Sasa kwa nini wote uitwe Danubi?" anauliza Korbinian.
"Inn si ndio mnene?"
Namjibu: mwenye jina si lazima awe mwenye maji.
Anaandika. Sikukusudia aandike.

Nahesabu. Thelathini.
Nahesabu kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Thelathini.

Tunamkuta Severin kwenye jumba la baraza,
chini ya mnara, ambapo mafuriko yameandikwa ukutani
mstari juu ya mstari, kila mmoja na mwaka wake.
Amesimama wima, kisogo kimegusa jiwe,
mkono juu, vidole vimetanuka,
na mstari wa elfu mbili kumi na tatu
uko juu yake, juu mno.

"Nilikuwa na miaka mitatu," anasema.
"Kwetu maji yalifika ghorofani. Mama husema alinibeba begani,
mkono wa pili akabeba saa ya ukutani.
Siku zote nilidhani anatia chumvi."

Hakuna anayecheka.
Xaver, yule yule wa soseji, anachuchumaa: "Panda."
Severin anapanda mabegani, ananyoosha mkono.
Bado.

Mwongoza wageni ameukunja mwavuli.

Treni ni saa kumi na moja na dakika nane.
Leopoldine anachechemea, anasingizia mawe ya barabara.
Thelathini na mmoja.