Pembe Hazina Miguu

Ziara yetu ni ya siku nne. Chakula kimo, viingilio vimo,
kofia ni juu yako.
Tunaanzia Kibokoni saa mbili, kabla mawe hayajapata moto.
Mimi ndiye mwenye mwavuli wa manjano.
Ukipotea utafute mwavuli, usitafute bahari;
bahari iko kila upande, itakuchanganya.

Miaka kumi na mmoja nasema maneno yale yale
mbele ya milango ile ile:
hapa pembe zilifika kutoka bara,
shanga zikaenda, nguo zikaenda,
ubani ukashuka, vyuma vikapanda.
Nikiyasema haraka huwa kama dua,
na wageni huitikia kwa kamera.

Siku ya pili, Gede. Kima wanaiba ndizi,
nami naonyesha Nyumba ya Mkasi,
iitwayo hivyo kwa mkasi uliookotwa humo.
Mwenye mkasi hatumjui.
Alikata nini, hatujui.
Alasiri tuko Marafa, ukingoni mwa korongo,
ardhi nyekundu, nyeupe, ya waridi,
imemegeka kama mkate wa jana,
na joto lapanda kutoka chini, likikupiga kidevuni.
Hapo kila mtu hunyamaza, hata mimi ninayelipwa kusema.

Ya tatu tunaipa bahari kisogo.
Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu:
majina yanakauka kadiri unavyoyataja,
mpaka nyika ya Taru, miiba na vumbi jekundu,
na barabara inayotetemeka mbele kama kitu cha kuazima.
Nikashika kipaza sauti.
"Misafara ilipita hapa. Pembe zilitoka bara, zikashuka..."

Bi Moraa, nesi mstaafu wa Kisii,
akainua mkono kama yuko darasani.
"Hizo pembe zilikuwa na miguu?"

Tulicheka wote.
Kisha kicheko kikaisha,
swali likabaki limekaa kiti cha mbele.

Ndipo Mwakio, dereva wetu,
ambaye miaka yote hiyo hajatia neno katika maneno yangu,
akazima injini.
Akatuongoza kwa miguu hadi kwenye mwamba wenye mashimo,
ngurunga, maji ya mvua yamelala ndani,
ya kijani, yana viluwiluwi.
"Babu wa babu yangu alikunywa hapa.
Alipiga magoti, pembe ingali begani.
Ukiishusha, nani atakutwika tena?
Nyuma yako yuko mwingine, naye ana kiu."
Nikamwuliza jina lake.
"Hilo hatukuachiwa."

Bi Moraa akachovya kidole, akakinusa.
"Maji haya yanaua."
"Na kiu je?" akasema Mwakio,
akarudi garini kutuwashia injini.

Ya nne ni siku ya kununua zawadi.
Niliwaacha sokoni wakibishania bei ya bizari,
nikapitia nyumbani, Kuze, kunywa maji.
Pale ukutani iko picha ya marehemu baba,
hamali wa bandari ya kale,
kavaa shati jeupe la Idi, bega moja limeshuka.
Bega lile lilikuwa na sugu ukubwa wa andazi.
Utotoni nilikuwa nikiibonyeza, nikidhani ni mfupa wa ziada,
naye akiniacha, anasikiliza redio.
Kule bandarini walikuwa wakisema: shehena imeshuka.
Yenyewe. Kama abiria.

Nilikunywa gilasi mbili, nimesimama.

Jioni mkuu wangu amepiga simu:
kundi jipya Jumamosi, watu kumi na wanne,
na tusikawie tena Taru, chakula cha Voi kinapoa.
Nikamwambia sawa.
Kisha nikampigia Mwakio:
aongeze mitungi miwili ya maji, tuondoke nusu saa mapema.
Akanyamaza kidogo. Nilisikia kijiko kikikoroga chai.
"Na mwavuli?"
"Mwavuli utabaki garini."